Kijiti Chenye Doa

Karakana ile ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa chuma wa kukunja, na ndani yake meza moja ya mbao iliyotoka ukuta hadi ukuta. Mezani palikuwa na viti vitatu. Viwili vilikaliwa na mafundi. Cha tatu, kile cha dirishani, kilikuwa kimerundikiwa maboksi ya kibodi mbovu tangu mwenyewe alipofariki, na kila asubuhi mjane wake aliyafuta vumbi maboksi hayo kwa kitambaa kilekile alichofutia meza.

Hakuna aliyemwajiri. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye aliyeitwa Bosi, alimwambia baada ya mazishi: "Shemeji, njoo tu pale karakana ujishughulishe, usije ukaozea ndani." Kujishughulisha kukawa kufagia, kuosha vikombe, kuchota maji kwenye bomba lililo nyuma ya jengo na kumenya nyaya za shaba mpaka vidole vikawa vyeusi. Ujira wake ulikuwa chumba cha uani kwa Bosi na sahani ya chakula, na sahani yenyewe mke wa Bosi aliibwaga mezani kwa kishindo, kama anayemlisha paka wa jirani.

Binti yake hakuruhusiwa kukaa naye. "Chumba ni cha mtu mmoja," alisema mke wa Bosi, na mambo yakaishia hapo. Msichana akapelekwa kwa mama yake mkubwa, mtaa wa mbali, ambako alipokelewa vizuri kwa muda mfupi, kisha akageuzwa mfuaji wa nyumba nzima. Kwenye simu alikuwa na swali moja tu.

"Mama, lini?"

"Karibuni, mwanangu."

"Karibuni ndiyo lini?"

Mama mtu alijua jibu, ila hakutaka kulitamka. Fundi mwenye kiti mezani alilipwa mshahara, na mwenye mshahara aliweza kupanga chumba chake na kumlaza humo mtoto wake. Basi mwanamke huyu, kila alipopitisha kitambaa juu ya maboksi yale, alikuwa akimwona binti yake amekaa chini yake.

Kazi aliijua. Marehemu, kila aliposhindwa na kompyuta, aliibeba hadi nyumbani chini ya koti, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula na kumwambia mkewe, "Hebu itazame, mkono wako mwepesi." Yeye alifungua, akapuliza, akachomoa, akapachika, akasubiri. Asubuhi marehemu aliibeba tena chini ya koti, akaenda kusifiwa. Mkewe hakuona ubaya. Alikuwa akipenda kuisikia feni ikianza kuzunguka, na alipenda kusikia mumewe akisema "mkono wako mwepesi" kwa sauti ambayo hakuitumia kwa jambo jingine lolote.

Siku moja asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kazi, aliweka kitambaa chini.

"Shemeji," alisema, "kile kiti cha dirishani. Nataka kukikalia."

Bosi aliinua macho. "Umechoka kusimama?"

"Nataka kazi ya mezani."

Palikuwa na mafundi wawili. Mmoja aliitwa Redio kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na msumari mdomoni. Mwingine alikuwa pande la mtu asiye na maneno, jina lake Koleo, ambaye akicheka sauti haitoki, hutikisika mabega tu.

"Mama," alisema Redio, "hapa tunatengeneza kompyuta, si cherehani."

"Nimeshazitengeneza."

"Ulizitengeneza au ulizipangusa?"

Mabega ya Koleo yakatikisika. Bosi akawanyooshea kidole. "Msimcheke shemeji yangu. Sheria ya hapa ni moja kwa kila mtu. Anayetaka kiti, aoe kwanza."

"Leo Bi Harusi kaletewa mke mwenza!" Redio akapiga meza kwa furaha. "Koleo, lete ngoma!"

Bi Harusi ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani, imewekwa pembeni kwenye kigoda na kufunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Kila aliyetaka kiti katika karakana ile alikabidhiwa hiyo, atafute ugonjwa wake mbele ya wote kabla mlango haujafungwa jioni. Ukiiwasha, huwaka vizuri, hukukaribisha kwa rangi na mlio. Ukifungua programu moja hutii. Ukifungua ya pili, nzito kidogo, na mashine ikishapata joto, ghafla skrini hugeuka bluu tupu yenye maandishi meupe, na yote uliyokuwa ukiyafanya yamekwenda.

Jambo ambalo mgeni hakuambiwa ni kwamba ugonjwa ule uliwekwa kwa makusudi. Mashine ilikuwa na vijiti vinne vya memori, vile vibao vyembamba vyenye meno ya dhahabu ambavyo kompyuta huwekea mambo inayoyashughulikia kwa wakati huo. Vitatu vilikuwa vizima, vimeazimwa kwenye trei ya akiba. Kimoja kilikuwa kibovu, nacho kilitambulika kwa doa dogo la rangi ya kucha lililowekwa pembeni, zambarau iliyoiva sana. Mgeni akishakipata na kukiweka kando, hutumwa nje kwa kisingizio chochote. Nyuma yake kijiti kibovu hurudishwa ndani. Anarudi, anawasha kwa mbwembwe, Bi Harusi anazimia, na watu wanavunjika mbavu. Mgeni akivumilia, mwishowe huambiwa ukweli, hupigwa mgongoni na kusogezewa kiti. Ndivyo alivyoingia Redio, ndivyo alivyoingia Koleo.

Ila asubuhi ile, mwanamke alipoinama kufungua kitambaa cha kufuma, Bosi alimnong'oneza Redio sikioni: "Huyu hakuna kumwambia." Kiti hakikuwa chake tangu mwanzo. Mwanamke hakuyasikia maneno hayo. Alikuwa akitafuta bisibisi inayofaa.

Aligusa chuma cha kava kwanza, kama alivyozoea, ili umeme wa mwilini usije ukaruka kwenye vibao. Akafungua, akapuliza vumbi kwa brashi. Akachomoa vijiti vyote vinne na kuvipanga juu ya kitambaa safi kwa mfuatano wa nafasi vilikotoka. Meno ya dhahabu akayasugua kwa raba ya kufutia penseli, taratibu, kwa upande mmoja tu, mpaka yakang'aa. Lakini vibao vyenyewe vilikuwa vinanata kwa uchafu wa miaka mingi ya vidole vyenye mafuta, naye hakuwa mtu wa kurudisha kitu kichafu mahali pake. Akachovya kitambaa kwenye chupa ya tina, ile dawa kali ambayo mafundi huoshea bodi, akaanza kufuta kimoja kimoja.

"Tazama, anamwogesha!" alisema Redio. "Mama, ukimaliza umpake na losheni."

Alipofika cha tatu, kitambaa kikatoka na rangi. Zambarau iliyoiva. Akaitazama.

Rangi ile aliijua. Aliwahi kuwa na chupa yake, ya pekee aliyowahi kujinunulia, ikapotea juu ya meza yake ya kioo. Alimshuku msichana aliyemsaidia kazi za nyumbani. Aliumwaga mfuko wa msichana yule sakafuni mbele ya watu: kitana, gauni la kubadilisha, picha ya mama yake. Chupa haikuwemo, na bado alimfukuza. Marehemu alikuwa ameketi kwenye kochi siku hiyo, anasoma gazeti.

Wanawake wengi hununua rangi ile, alijiambia. Akafuta mpaka kijiti kikabaki safi kama vingine.

Wale wanaume hawakuona. Redio alikuwa akisimulia kisa, Koleo akitikisika, na Bosi alikuwa kwenye simu na mteja.

Kisha akaanza kupima. Alipachika kijiti kimoja peke yake, akawasha, akaweka programu ya kupimia memori, ile inayojaza kijiti na kukisoma tena kuona kama kinarudisha kilichopewa. Kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu kikapita, na cha nne.

"Vyote vizima!" Redio akatangaza. "Bi Harusi haumwi, anaona haya tu."

Hapo ndipo wengi walipokwama. Mashine ilikuwa wazi, hewa ya asubuhi inaingia, na kijiti kile kilikuwa na tabia ya kuugua kikipata joto tu. Mwanamke akarudisha kava, akafunga skrubu zote. Kisha akachukua kile kitambaa cheupe cha kufuma na kukifunika juu, akiziba matundu ya nyuma nusu, na kuanza upya, kijiti kimoja kimoja, akiweka kiganja chake juu ya kava kama anayepima homa ya mtoto.

Redio akaacha kusimulia. Koleo akageuza kiti.

Zamu ya kijiti cha tatu ilipofika, mistari myekundu ikaanza kuteremka kwenye skrini, mmoja, kisha mvua nzima. Hakushangilia. Alikihamishia kwenye nafasi nyingine ya bodi, ili ajue kama ubaya ni wa kijiti au wa nafasi. Mistari ikateremka tena. Akakichomoa na kukilaza juu ya kisahani, meno ya dhahabu yakielekea dirishani, kisha akavirudisha vile vingine vitatu mashinani.

"Ni hiki," alisema.

Bosi alikitazama kijiti, akamtazama shemeji yake, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa chooni bila komeo. Kisha akatabasamu.

"Hongera, shemeji. Hebu tuchotee kwanza maji ya chai, tukija kushuhudia tushuhudie tukiwa na vikombe mkononi."

Alikwenda. Bombani palikuwa na watu, akasubiri, na alipokuwa akisubiri alijikuta anatabasamu mbele ya ndoo. Alishaanza kupanga kitanda cha binti kitakaa upande upi.

Aliporudi, wote watatu walikuwa wamesimama.

"Haya," alisema Bosi. "Tuonyeshe."

Akawasha. Rangi, mlio, karibu. Akafungua programu ya kwanza. Akafungua ya pili. Mashine ilikuwa bado ina joto lake. Skrini ikawa bluu.

Redio alijitupa chini sakafuni. Alicheka mpaka akakohoa, akashika mguu wa meza, akacheka tena. Koleo aligeukia ukutani, mabega yakipanda na kushuka. Bosi alifuta machozi kwa ncha ya shati.

Mwanamke alitazama kisahani. Kijiti kilikuwepo, ila meno yake yalielekea mlangoni.

"Hiki sicho nilichokiweka," alisema.

"Kila bwana harusi husema hivyo!" Redio akapiga kelele kutoka sakafuni, na kicheko kikaanza upya.

"Mmekibadilisha. Nilikiweka kikitazama dirishani."

"Kwani kilikuwa kinasubiri basi?"

Kwa wageni waliotangulia, hapa ndipo mzaha ulipokwisha na ukweli kusemwa. Bosi alisubiri kicheko kitulie, akaweka uso wa huruma. "Umejitahidi, shemeji. Lakini fundi akishindwa hasingizii watu. Hiyo kazi ina wenyewe." Akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango na kumpa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anayemkabidhi mtu cheti.

Akafagia. Alipofika mezani waliinua miguu bila kumtazama. Chini ya meza aliona mikono ya Redio ikigeuzageuza vijiti vinne kwenye mwanga, mbele na nyuma, inatafuta kitu. Mkono ukasita, ukachukua kimoja, ukakitia kwenye kopo la kuhifadhia kibovu. Vingine vitatu vikarudi kwenye trei ya akiba. Hakujua Redio anatafuta nini. Redio mwenyewe hakuthubutu kuuliza, kwa sababu katika karakana ile aliyechekwa asubuhi alichekwa mpaka kufunga.

Jioni simu ililia.

"Mama, umepata?"

"Bado."

"Si ulisema leo?"

"Nilisema nitajaribu."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mama mkubwa ikiita, na maji yakimwagwa, na simu ikakatika.

Siku zikapita, si nyingi. Bosi alichukua kijiti kwenye trei na kukipachika kwenye kompyuta ya mteja wake mkubwa, mtu mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji ambaye wote walimwita Mwenye Chapa. Alikuwa anataka mashine yake iongezewe memori kwa sababu ilikuwa nzito. Bosi aliipima ikiwa wazi, feni ya dirishani ikipuliza, ikapita, akaifunga, ikaondoka.

Ilirudi ikiwa imebebwa kwapani. Mwenye Chapa hakusalimia. Aliitua mezani juu ya kazi za watu, na kando yake akaangusha rundo la karatasi zilizochapwa.

"Kitabu cha mahafali ya chuo," alisema. "Kazi yote. Kila nikisogea mbele inazimika. Mara ya mwisho ikakubali kuhifadhi, nikashukuru, nikachapa. Tazama ilichohifadhi."

Kurasa zilikuwa zimejaa nyuso za wanafunzi zilizokatika vipande, na chini ya kila uso, mahali pa jina, herufi na alama zisizo na maana.

"Wazazi wanakuja kuchukua kesho," alisema Mwenye Chapa. "Nakwenda kumtuliza mkuu wa chuo. Nikirudi nataka unipe mtu. Nataka nimwone kwa macho aliyepachika uchafu huu. Usiponipa mtu, kazi zangu zote nahamisha, na nitawaambia wenzangu wote sababu."

Mlango ulipofungwa nyuma yake, Bosi aliifungua mashine. Akachomoa kijiti. Akamwaga kopo mezani. Akavilinganisha.

"Redio. Chenye doa kiko wapi?"

"Bosi..." Redio kwa mara ya kwanza alikosa maneno. "Doa halikuwepo."

"Halikuwepo vipi? Kaka aliliweka kwa mkono wake mwenyewe!"

Kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka kuitazama chupa ya tina, na kitambaa kilichoanikwa juu yake, chenye alama ya zambarau.

"Kaka yupi?" aliuliza mwanamke.

"Kaka ni yupi tena? Mumeo!" Bosi alifoka. "Bi Harusi ni wake. Mchezo wote ni wa kwake, sheria ni zake, kitambaa cha kufuma ni chake. Mimi mwenyewe, ndugu yake wa damu, aliniozesha hiyo mashine nikalia chooni, naye akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Na wewe, kwa usafi wako wa kijinga, umeifuta alama!"

"Na rangi?"

"Rangi gani?"

"Rangi ya doa. Aliipata wapi?"

"Si ya kwako? Alisema kaiokota kwenye meza yako ya kioo."

Alikuwa anaona kitana, gauni la kubadilisha, picha ya mama. Alikuwa anaona gazeti, na kidole cha mumewe kikitiwa mate kugeuza ukurasa.

Bosi alianza kutembea huku na huko. Kisha akasimama mbele yake, na sauti yake ikawa laini. "Sikiliza, shemeji. Yule anataka mtu. Nikimpa Redio, nimepoteza fundi. Nikisema ni mimi, karakana imekwisha, na chumba chako cha uani kimekwisha nayo. Lakini wewe hujulikani. Huna jina la kuharibika."

"Nikisema ni mimi?"

"Kesho unakaa mezani."

"Kwa mshahara?"

"Kwa mshahara."

Alifikiri kidogo. "Leo," alisema. "Kabla hajaingia. Mfagiaji hapachiki memori, hawezi kuamini. Anikute nimekaa."

Bosi alimtazama kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. Akamwashiria Koleo, na Koleo akaondoa maboksi ya kibodi kwenye kiti cha dirishani, akayaweka chini mawili mawili. Mwanamke akakaa. Kiti kilikuwa na bonde la mwili wa mumewe, pana kuliko wake.

Mwenye Chapa aliporudi, Bosi alinyoosha mkono. "Ndiye huyu. Ni mgeni, tulimwonea huruma tu, unajua mambo ya familia."

"Wewe ndiye?"

"Ni mimi," alisema.

"Wewe si mke wa marehemu?"

"Ndimi."

Mwenye Chapa alitikisa kichwa taratibu. "Mumeo alikuwa mtu mnyoofu. Kazi zote zilizowashinda watu, yeye alikuwa anaondoka nazo jioni, asubuhi anazileta nzima. Angekuwa hai, asingekuacha ushike hata plagi ya pasi." Akachukua karatasi moja kwenye rundo na kuibandika mbele yake. "Soma."

"Samahani, mzee."

"Sikutaka samahani. Hapo chini ya picha. Mwambie mama wa huyu mtoto mwanawe anaitwa nani. Soma kwa sauti."

Akatazama ukurasa. Ulikuwa na uso wa msichana uliokatika puani. Akaanza kusoma, herufi moja moja, alama moja moja, akiita mstari kuwa mstari na nukta kuwa nukta. Alipofika mwisho, Mwenye Chapa akaufunua mwingine. Akasoma na huo. Katika ukurasa wa tatu, sauti kama ya puto linalotoka upepo ilisikika nyuma yake. Alikuwa Redio, ameshindwa kujizuia, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mabega ya Koleo yalishaanza zamani. Hata Mwenye Chapa mdomo ukamcheza, na baada ya kucheka kidogo hasira ikampungua, akasema basi, atampa Bosi nafasi moja ya mwisho, ila mwanamke huyu asiiguse mashine yake tena.

Bosi akampachikia kijiti kizima. Aliyemchagulia kijiti hicho, kwa kukipasha joto chini ya kitambaa cha kufuma mteja alipokuwa kwenye chai, ni mwanamke wa kwenye kiti cha dirishani. Mwenye Chapa hakuambiwa hilo.

Mshahara ulikuja. Chumba kilipatikana, kidogo, chenye dirisha la kutazama ukuta, na binti alikuja na mfuko mmoja na mikono iliyochubuka kwa sabuni, akalala siku nzima. Mikono ilipona. Karakana ikampa mama mtu jina, Mama Tina, na wateja wengine wakawa wanamuuliza Tina hajambo, naye anajibu hajambo. Kila mara Mwenye Chapa alipoingia, Mama Tina aliinuka na kushika ufagio mpaka aondoke. Hakuna aliyemwagiza. Aliona ndivyo mambo yanavyokwenda vizuri.

Baada ya muda Koleo aliondoka kufungua kibanda chake, na kiti kikabaki wazi. Akaja mtu kukiomba, mwanamume mwenye mvi za pembeni, aliyekuwa karani wa ghala lililofungwa. Alisema ufundi alijifunza nyumbani, usiku kwa usiku, kwa kuvunja na kuunga. Alisema mkewe anaumwa. Alisema "tafadhali" kwa kila mtu, hata kwa Redio.

"Aoe kwanza," alisema Bosi.

Bi Harusi aliandaliwa na Mama Tina mwenyewe. Rangi ya kucha hakuitaka. Alichukua sindano, akabandua kidogo karatasi ya kiwandani iliyobandikwa kwenye kijiti kibovu, akakwaruza chini yake mstari mwembamba, akairudishia karatasi na kuipapasa kwa kidole. Redio alichungulia begani kwake.

"Hee, Mama Tina! Hiyo hata tina haifiki."

"Ndiyo maana yake," alisema.

Mgeni alifanya kazi vizuri. Aligusa chuma kwanza. Alipanga vijiti kwa mfuatano. Havikumwonyesha kitu mashine ikiwa wazi, akakaa akafikiri, akafunga kava, akatafuta koti lake na kulifunika juu. Mama Tina aliiona mikono ile, na aliona kuwa ni myepesi. Mistari myekundu ilipoteremka, mgeni alivuta pumzi ndefu, akakiweka kijiti kwenye kisahani na kukisukuma katikati kwa kidole kimoja.

Bosi alimtazama Mama Tina, kwa kuwa siku hizi kumtuma mgeni ilikuwa zamu yake.

"Kaka," alisema kwa upole, "tuchotee kwanza maji ya chai. Bomba liko nyuma ya jengo."

"Bila shaka, dada," alisema mgeni, akatoka mbio na ndoo.

Mama Tina alibadilisha vijiti yeye mwenyewe. Kizima alichokiweka badala yake kwenye kisahani alikilaza palepale katikati, na kabla ya kuondoa mkono alikumbuka kukitazamisha upande uleule kilikokuwa kikitazama kibovu.

Mgeni akarudi, akawasha, skrini ikawa bluu. Redio akajitupa sakafuni. Bosi akacheka, akafuta macho, na kwa desturi ya siku zote akainuka, akakishika kile kiti kilichokuwa cha Koleo ili amsogezee mgeni na kumweleza mzaha.

Mgeni hakuwa amekiona kiti. Alikuwa anatazama kisahani, jasho limemtoka kwenye mvi. "Samahani," alisema. "Tafadhali. Sidhani kama hiki ndicho nilichokitoa."

Mama Tina alimgusa Bosi mkono, akatikisa kichwa. Bosi akasita, kisha akakirudisha kiti taratibu mahali pake.

"Kila bwana harusi husema hivyo," Mama Tina alimwambia mgeni, akamwonyesha ufagio ulipo.